Ukoo, Kabila, Jamaa: Tunaandika Nini Katika Buku la Kanisa?

Masomo: Matayo 1:1-17, Esra 2:59-63, Ruta 1 na 4



Munajua kwamba wazee wa kanisa walikata shauri la kuandika upya buku kubwa la washiriki, kwa maana lile la zamani limeliwa na muchwa, na mvua iliharibu upande wake moja. Kazi ilianza vizuri. Lakini sekretere wetu walirudi na ulizo ambalo hatukulitazamia. Katika lile buku la zamani, kolone ya tano iliandikwa KABILA. Watu wengi wazima walijibu bila shida. Vijana wengi walikaa kimya. Kijana mumoja wa Panda aliandika: Likasi. Sekretere akamwambia: “Likasi si kabila, ni muji.” Kijana akajibu: “Basi andika hakuna.” Sekretere akakasirika, akamuuliza kama yeye alianguka toka juu sawa mvua. Ile habari ilipofika katika mukutano wa wazee, tulicheka wote. Kisha muzee mumoja akauliza: “Na sisi, tunataka kabila lao kwa kazi gani?” Hakuna aliyekuwa na jibu. Tukafunga siku tatu, tukaomba, na haya tunayoandika hapa ni yale tuliyopata katika Neno na katika kukumbuka kwetu wenyewe.

Kwanza tuondoe woga. Kujua ukoo wako si zambi. Injili ya Matayo inafungua na ukoo: kizazi 14 toka Abrahamu mpaka Daudi, kizazi 14 mpaka uhamisho wa Babeli, kizazi 14 mpaka Kristo. Wengi wetu tunaruka ile sura tunaposoma nyumbani, tunasema ni majina tu. Luka naye anapanda kinyume, toka Yesu mpaka Adamu, na juu ya Adamu anamuweka Mungu mwenyewe. Kwa hiyo mutu asitumie mahubiri haya kwa kuzarau nkambo wake. Mutoto anayepewa jina la nkambo, na baba yake mwenyewe akamwita “nkambo” akiwa bado mikononi, ni jambo zuri la kwetu. Mwaka 1972, wakati serikali ya Mobutu ilikataza majina ya kikristo na kila mutu akapaswa kuchukua majina ya wazee wake, kuko watu waliokwenda kuuliza mama zao kwa mara ya kwanza: nkambo wangu aliitwa nani? Lile jambo lilitupa taabu kanisani, lakini majina yale yalibaki, na hatuyaonei haya.

Shida iko wapi basi? Iko katika maneno tunayotumia bila kuyatazama.

Tuchukue neno jamaa. Sisi tunaposema jamaa, hatuhesabu watu watano wa nyumba. Tunaingiza baba mukubwa na baba mudogo, mayomba, shangazi, wapwa, washemeki, na hata mutu wa kijiji kimoja aliyefika jana na valizi yake. Jamaa ni mulango usiofungwa vizuri. Ndugu zetu Wakatoliki wa hapa Katanga walijua nguvu ya hilo neno: Padri Placide Tempels, Mufransisko, alipoanza kazi yake kule Kolwezi miaka ya 1950, wafuasi waliitwa Jamaa, na waliitana baba na mama, Muzungu na mutu mweusi pamoja. Hatufuati mafundisho yao, lakini neno walilichagua vizuri.

Neno tumbo ni dogo kuliko jamaa na lina joto zaidi. Watu wa tumbo moja ni watu wa mama mumoja. Na mulango, kwa Waswahili wa pwani, ni watu waliotoka katika nyumba ya muzee mumoja. Kizazi ni wale waliozaliwa, na pia ni wakati wao. Neno taifa nalo linageuka kadiri ya inchi: hapa kwetu taifa ni inchi nzima, lakini kule Mombasa wenyeji wa zamani wanaitwa Thenashara Taifa, Mataifa 12, yaani 9 na 3, na maana yake ni karibu sawa na yale makabila 12 ya Israeli. Muone vile neno moja linaweza kukusanya watu milioni katika inchi moja, na katika inchi ingine likawagawa watu wa muji mumoja.

Waluba wa Kasai wako na neno tunalolipenda sana. Ndugu wanamwita mwanetu, ni kusema mutoto wetu. Hawasemi mutoto wa baba yangu, hawasemi mutoto wa mama yangu. Mutoto wetu. Na shangazi wanamwita tatu mukaji, maana yake baba mwanamuke. Mutu akisikia hivyo anaelewa kwamba shangazi si mugeni katika nyumba, yeye ni baba. Wakati ndugu hao wangali wengi katika ibada yetu, tulikuwa tunasikia “bana betu, bana betu” kila pahali mbele ya mulango wa kanisa.

Sasa tufike kwa ukoo wenyewe, maana hapa ndipo damu inamwangika. Katika muji wetu kuko watu wanaohesabu ukoo kwa mama: Wabemba, Walamba na wengine. Kwao mutoto ni wa tumbo la mama yake, na muzee wake wa kweli ni mayomba, ndugu ya mama. Mali ya mutu inakwenda kwa wapwa wake. Kuko wengine wanaohesabu kwa baba, sawa Waluba. Kwao mutoto ni wa baba. Kila njia ni nzuri ukikaa ndani yake. Lakini Likasi si kijiji. Hapa tunaoana.

Mwanaume Muluba akimuoa mwanamuke Mulamba, mutoto wao ni tajiri: upande wa baba wanasema ni wetu, upande wa mama wanasema ni wetu. Siku ya mahari ya binti wanagombana, lakini ni kugombana kwa kupenda. Geuza sasa. Mwanaume Mulamba akimuoa mwanamuke Muluba, upande wa baba wanasema: “Mutoto ni wa kwa mama.” Upande wa mama wanasema: “Mutoto ni wa kwa baba.” Wakati wazazi wangali hai hakuna anayeona ile shimo. Siku kifo kinaingia, mutoto anaanguka ndani.

Hatusemi mifano ya hewani. Hapa kanisani, zamani kidogo, tulizika ndugu yetu mumoja, mufanyakazi wa chuma. Bibi yake alikuwa ametangulia. Matanga haikuisha hata siku ya tatu, wapwa wake walikuja wakachukua kitanda, radio, mashini ya kushona na mabati yaliyowekwa kwa kuezeka chumba kingine. Hawakuwa watu wabaya. Walifanya vile mayomba zao walifanyiwa. Walimwangalia mutoto wa miaka tisa wakamwambia kwa upole: “Wewe uko na watu wako, wale wa mama.” Tulituma barua kwa watu wa mama. Jibu lilirudi kwamba huyu si mutoto wa nyumba yao, jina lake ni la baba yake. Yule mutoto alilala katika chumba cha nyuma cha kanisa, juu ya mifuko ya kanzu zetu nyeupe, miezi mitano. Mama mumoja mujane wa Shituru, asiyekuwa wa ukoo huu wala wa ule, alikuja kumuchukua. Alisema tu: “Niko na sahani ingine.”

Na tuseme wazi, sheria ya inchi haikubali vile vitu vya matanga. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 inaweka watoto wa marehemu mbele katika urizi, waliozaliwa ndani ya ndoa na waliozaliwa inje ambao baba yao aliwatambua. Wapwa hawaji mbele ya watoto. Mushiriki wa kanisa hili anayeingia katika nyumba ya yatima kubeba mabati, hata akisema desturi, anaiba.

Tufike kwa neno kabila. Hapa tunaandika pole pole.

Watu wa kanisa hili wa miaka 40 kwenda juu wanakumbuka mwezi wa 8 wa mwaka 1992. Kule Kinshasa Konferensi ya Taifa ilikuwa imemuchagua Waziri wa Kwanza mwenye asili ya Kasai, na huku kwetu hasira ilipanda. Maneno yalitangulia kabla ya mikono. Watu walianza kusema originaire na non-originaire, wenye inchi na wasio wenye inchi. Kisha walisema neno lingine juu ya ndugu zetu wa Kasai: bilulu, wadudu. Mutu hapigi jirani yake bila kwanza kumuondoa katika hesabu ya watu. Alipokuwa “mwanetu” hakupigwa. Alipokuwa kilulu, nyumba yake ilivunjwa, na wafanyakazi waliozaliwa hapa Likasi, wana wa watu waliozaliwa hapa Likasi, walikwenda kulala kwenye gare na bibi zao na watoto wao, makumi ya maelfu, wakingojea gari la moshi la kwenda Mwene-Ditu. Wengine walingoja majuma na miezi. Wengi, zaidi watoto, walikufa wakingojea, wengine wakafa njiani. Mwaka 1993 Kolwezi nayo ikafuata.

Na buku letu? Katika siku zile kuko watu waliokuja kanisani kuuliza buku la washiriki, kwa sababu walisikia liko na kolone ya kabila. Mama mumoja, sasa marehemu, alilitia ndani ya mufuko wa makala, akakaa juu ya mufuko akiuza makala mpaka jioni. Tunamusifu Mungu kwa ajili yake. Lakini tusijifiche nyuma ya rinda lake. Mwaka uliofuata, wakati kila kitu kilikuwa kimetulia, sisi wenyewe, wazee, tulikaa mezani na lile buku, tukachukua rula na wino mwekundu, tukavuta mustari juu ya majina yao. Hakuna askari aliyetuambia. Hakuna chama kilichotuma mutu. Tulisema: hawa hawako tena, tusafishe hesabu. Ile mistari ingali inaonekana, muchwa haikuila. Tuliihesabu juma lililopita: ni majina 117.

Njo maana tunamushukuru yule kijana wa Panda, ingawa sekretere bado anamutazama vibaya kidogo.

Tuulize tena: ni nani mwenye muji huu? Likasi iliitwa Jadotville mpaka mwaka 1966. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliandika wafanyakazi toka Kasai, toka Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, toka Rwanda na Urundi, ikawaweka ndani ya kambi bega kwa bega. Mukono wa nkambo wa kila mutu uko katika matofali ya Shituru. Na kabla ya kampuni, Mwami Msiri wa Bunkeya, anayehesabiwa kati ya wakubwa wa Katanga, yeye aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891, alitoka wapi? Alitoka upande wa Unyamwezi, katika inchi inayoitwa leo Tanzania. Wayeke ni wenyeji leo. Zamani walikuwa wasafiri. Hata hiki Kiswahili tunachohubiri nacho, munatafuta kijiji chake cha asili hapa? Hamutakiona. Kilikuja na biashara, kikakua ndani ya kambi za kazi, na leo watoto wetu wanaota nacho ndoto. Kama Kiswahili kingeulizwa kolone ya tano, nacho kingeandika: Likasi.

Na baba zetu katika kazi ya unabii? Simon Kimbangu alikuwa Mukongo wa Nkamba, mbali na sisi sana. Alikamatwa mwaka 1921, akaletwa katika gereza la Elisabethville, na alifia humo Katanga tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30. Johane Maranke, aliyeona maono mwaka 1932, alikuwa mutu wa inchi inayoitwa leo Zimbabwe. Roho hakuuliza teritware.

Turudi katika Maandiko. Ndani ya ule ukoo wa Matayo kuko wanawake ambao sekretere wetu hangejua kuwaandika: Tamari, Rahabu wa Yeriko, Ruta Mumoabu, na yule aliyekuwa bibi ya Uria. Mumuangalie Ruta. Torati, katika Kumbukumbu 23, inafunga mulango kwa Mumoabu hata kizazi cha kumi. Lakini Ruta alimuzaa Obedi, Obedi akamuzaa Yese, Yese akamuzaa Daudi. Kizazi cha tatu tu, na mutoto wa Mumoabu amekaa juu ya kiti cha ufalme. Ruta hakuingia kwa damu. Aliingia kwa kutembea na mukwe wake muzee katika njia ya vumbi, wakati kurudi nyumbani kulikuwa rahisi.

Somo la Esra ni la kwetu kabisa, tunashangaa kwamba hatukulihubiri mbele. Watu wanarudi toka Babeli, wanaandikwa, na wengine wanakosa kuonyesha nyumba ya baba zao kama ni wa Israeli kweli. Hesabu yao inatolewa: 652. Muangalie vile walivyofanywa. Hawakufukuzwa. Hawakuambiwa warudi Babeli. Waliandikwa katika orodha, wakapanda pamoja na wengine. Wale tu waliodai ukuhani ndio walioambiwa wangoje mpaka kuhani mwenye Urimu na Tumimu asimame. Na kati ya hao kuko nyumba iliyochukua jina toka ukoo wa mwanamuke, kwa sababu nkambo wao alioa binti ya Barzilai. Hata Yerusalema walikuwa na shida ya mutoto wa kwa baba na wa kwa mama!

Neno moja kwa manabii wetu, na tunalisema kwa heshima. Siku hizi watu wanakuja katika maombi wakisema: “Niko na laana ya ukoo, bankambo wamenifunga.” Kuko manabii wanaowauliza kwanza kabila, kisha wanawaambia: watu wa kabila lenu wako hivi na vile. Huo si unabii, ni masemi ya soko. Ezekieli 18 inafundisha kwamba mutoto hatabeba uovu wa baba yake. Mugonjwa aombewe, aende pia hospitali, na tusimupe mutu adui ndani ya jamaa yake mwenyewe. Wengi wamewafukuza mama wazee nyumbani kwa sababu ya neno moja lililosemwa hapa mbele ya mazabahu.

Basi wazee wamepatana hivi. Kolone ya KABILA haitakuwa katika buku jipya. Mutu akitaka kuwafundisha watoto wake kabila lao, awafundishe nyumbani, ni mali yao. Katika buku tutaandika jina la mutu, jina la baba na jina la mama, yote mawili, hata kama hawakuoana, pahali alipozaliwa, siku ya ubatizo. Na katika kolone ya tano, pahali palipokuwa kabila, tutaandika jina la mushiriki atakayemuchukua mutoto kama wazazi wanakufa. Huyo mushiriki ataweka saini mbele ya wazee wawili. Wazazi wasio na mutu wa kuandika waje kutuona, wasiache nafasi wazi.

Ukurasa wa kwanza hautakuwa wa wazee. Utakuwa wa yale majina 117, yakiandikwa tena kwa wino mweusi. Wengine kati yao walirudi kidogo kidogo nyuma ya miaka ile, na wanaimba pamoja nasi bila kujua kwamba tuliwafuta. Tunawaomba musamaha hapa, mbele ya wote. Mwenye kujua habari za wengine, kule Mwene-Ditu, Mbuji-Mayi, Kananga ao Lubumbashi, kama wako hai ao wamelala, alete kwa sekretere kabla ya mwisho wa mwezi. Kazi ya kuandika inaanza siku ya ibada ijayo, nyuma ya maombi ya wagonjwa. Yule kijana wa Panda ndiye atakayeandika, kwa maana mwandiko wake ni muzuri kuliko wetu.

Wazee wa Kanisa, Likasi